Kirusi Tulicho Nacho Karibu Sote

*Hotuba kwa wagonjwa, familia zao na wauguzi katika Siku ya MS Duniani, Mei 30. Imeandikwa kama ilivyosemwa, kwa kupunguzwa hapa na pale.*

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi wenzangu, ndugu na marafiki, na ninyi hasa mnaoishi na MS, ugonjwa wa neva, mliofika na joto lote hili, asanteni sana.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, mara nyingi kwenye korido na kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa bado ndani kwa daktari, ni hili: je, ugonjwa huu unaambukiza? Jibu ni hapana. MS haiambukizi. Huipati kwa kumuuguza mtu, kulala naye kitanda kimoja, kula naye sahani moja au kuzaa naye. Nimeanza na jibu kwa sababu leo nitazungumza kuhusu kirusi, na sitaki mtu arudi nyumbani na hofu ambayo hakuja nayo.

Kirusi chenyewe kinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mmoja ndani ya ukumbi huu anacho. Katika kila watu wazima 100 duniani, takriban 95 wanacho, na huku kwetu watoto wengi huwa wameshakipata wakiwa bado wadogo kabisa, hata kabla ya kutimiza miaka 3. Nataka tuelewane jinsi kirusi kilichoenea namna hii kinavyohusika na ugonjwa unaowapata wachache, na kwa nini habari hiyo inamwondolea mgonjwa lawama badala ya kumwongezea.

Tuanze na ugonjwa. MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, ni ugonjwa wa neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Neva hizo zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, kama plastiki inayofunika waya wa umeme. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kuishambulia ala hiyo. Palipoliwa hubaki kovu, na ujumbe unaopita hapo huchelewa au hupotea. Ndiyo maana wagonjwa hawafanani. Huyu jicho moja linauma na kuona giza kwa wiki kadhaa, kisha linarudi. Yule ganzi inampanda kutoka nyayo hadi kiunoni. Mwingine mkojo haumngoji afike chooni. Kwa hesabu ya mwaka 2020, wanaoishi na MS duniani walikuwa takriban milioni 2.8, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, umri wa kusoma, kuolewa, kulea na kutafuta riziki.

Kuna jambo moja kuhusu joto ambalo sisi watu wa pwani lazima tulijue. Neva iliyopoteza mayelini haivumilii joto. Mama anakaa mbele ya jiko la mkaa akikaanga samaki, mwili unapata moto kidogo tu, na macho yanaingia ukungu, miguu inakuwa mizito kama si yake. Anaacha sufuria, anaenda kulala sakafuni penye baridi. Baada ya nusu saa yuko sawa. Mawifi wanaoangalia wanasema, huyu kazi hataki. Ndugu zangu, huyo mama hadanganyi. Jambo hilo limeandikwa na madaktari tangu karne ya 19, na lingekuwepo hata kama angekuwa peke yake nyumbani bila mtu wa kumwona.

Na kuna jambo la pili, ambalo linawanufaisha wanaotuuzia tiba za uongo. Kwa wagonjwa wengi MS huja na kuondoka. Shambulio linaanza, linakaa wiki kadhaa, kisha mwili unatulia wenyewe, hata bila dawa. Sasa fikiria ganzi imeanza baada ya ugomvi wa kiwanja. Familia inasema ni mkono wa mtu. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, anapewa cha kunywa na cha kuoga, na baada ya wiki 3 anatembea. Nani atamwambia tena kwamba hakurogwa? Mwaka unaofuata ganzi inarudi kwa nguvu zaidi, na muda wa kumkinga asipate makovu mapya umeshapotea. Siwasemi familia hizi kwa ubaya. Walimpenda mtu wao na walifanya walilojua.

Madaktari nao walitafuta chanzo kwa muda mrefu sana. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ufasaha huko Paris mwaka 1868. Mwaka 1884 mwanafunzi wake, Pierre Marie, akasema lazima kuna maambukizi nyuma yake. Hakuwa na ushahidi wa kutosha, ila wazo hilo halikufa. Kwa zaidi ya miaka 100 virusi vingi vilishukiwa kimoja baada ya kingine, surua ikiwemo, hata kirusi cha mbwa, na kila mara ushahidi ulikuja kudhoofika. Kwenye Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, mtafiti wa Kimarekani John Kurtzke alidai kwamba MS ilianza kuonekana kwa wenyeji baada ya askari wa Kiingereza kukaa huko wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Wengine walimpinga na ubishi haukuisha, lakini swali lilibaki wazi: je, kuna kitu watu huambukizwa, halafu miaka mingi baadaye kinazaa ugonjwa?

Kirusi kinachojibu swali hilo leo kilipatikana kwa msaada wa mtoto wa Afrika Mashariki. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu ni historia yetu na haisimuliwi inavyostahili.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Ilikuwa saratani ya watoto inayokua upesi ajabu. Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali nani amewaona watoto wa namna ile. Ramani waliyoipata ilionyesha uvimbe huo unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo, na mahali ulipo ndipo malaria ilipo.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alizungumza katika Hospitali ya Middlesex, London. Ukumbini alikuwemo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye aliamini palepale kwamba kuna kirusi. Walikubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka 2 Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba sampuli ya mtoto mmoja wa Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara, saa nyingi zilikuwa zimepita na maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angedhani yameingia bakteria na kuyamwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli za saratani zilizojitenga zikielea, zikiwa hai. Kutoka kwenye seli hizo waliweza kuzikuza nyingine maabara, na mwanzoni mwa 1964, kwa hadubini ya elektroni, kirusi kikaonekana. Matokeo yalichapishwa Machi 1964 kwa majina matatu: Epstein, Bert Achong aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr. Kirusi kilichukua majina mawili tu kati ya hayo. Mtoto wa Uganda ambaye mwili wake ndio uliotoa kirusi hakutajwa, na kila ninapofundisha habari hii ninamkumbuka kwa heshima.

Baadaye ilijulikana kwamba kirusi hiki kimeenea dunia nzima. Hupita kwenye mate. Mtoto hukipata kwa kijiko cha mama, kwa busu la bibi, kwa kuokota mdoli uliotoka mdomoni mwa mwenzake, na kwa kawaida haugui, au hupata mafua ambayo hakuna anayeyakumbuka. Kwenye nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, na hapo baadhi yao huugua: homa, koo, tezi za shingoni kuvimba, uchovu wa wiki nyingi. Huo ndio ugonjwa wa mononukleosisi. Hilo la umri tulishike, tutalirudia. Baada ya kuingia, kirusi hakitoki tena. Hujificha ndani ya chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli B na kukaa humo maisha yote.

Tatizo la watafiti lilikuwa hili: ukikuta karibu wagonjwa wote wa MS wana kirusi, na karibu watu wote wasio na MS wanacho pia, utathibitishaje kwamba kinahusika? Unahitaji watu ambao bado hawana, uwafuate miaka mingi, uone nani anakipata na nani anaugua. Watu wazima wasio nacho ni wachache mno, na wanaopata MS ni wachache zaidi.

Jibu lilitoka kwenye damu ya askari. Jeshi la Marekani huwapima askari wake VVU wanapoandikishwa, kisha takriban kila baada ya miaka 2, na damu inayobaki huhifadhiwa kwenye majokofu. Watafiti wa Harvard, wakiongozwa na Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio, walipitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 waliotumikia kati ya 1993 na 2013. Wakapata 955 waliougua MS wakiwa jeshini, na 801 kati yao walikuwa na sampuli za kutosha. Katika sampuli ya kwanza, 35 walikuwa bado hawana kirusi cha Epstein-Barr. Kabla ya MS kuanza, 34 kati ya hao 35 walikuwa wameshakipata. Yaani kati ya wagonjwa 801, ni mmoja tu ambaye damu yake haikuonyesha kirusi kabla ya kuugua. Hesabu ilionyesha uwezekano wa kupata MS huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa.

Walikuwa waangalifu. Walipima pia kirusi kingine kinachosambaa kwa mate, cha sitomegalo, wakakuta hakiongezi MS hata kidogo. Walipima protini ambayo huvuja kwenye damu neva zinapoanza kuumia, hata kabla mgonjwa hajahisi chochote. Ilipanda baada ya maambukizi ya Epstein-Barr, haikupanda kabla. Mpangilio wa wakati ulikuwa wazi: kirusi kwanza, neva kuumia baadaye, dalili miaka kadhaa mbele. Matokeo yalichapishwa Januari 2022.

Mwezi huohuo watafiti wa Stanford walionyesha njia mojawapo inayowezekana. Kirusi kina protini iitwayo EBNA1. Kipande chake kinafanana na kipande cha protini ya ubongo wetu wenyewe, GlialCAM. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na kirusi hukuta umbo lilelile kwenye ubongo na kunasa hapo. Waliziona kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano, kwa hiyo njia hiyo si habari yote. Wengine wanaona seli B zenye kirusi ndizo zinazochochea vita. Hapo utafiti unaendelea, na mimi naona ni sawa tukisema kwamba kirusi kinahusika bila kudai kwamba tunajua kila hatua.

Sasa tufike kwenye umri niliosema tutaurudia. Kirusi peke yake hakitoshi. Kingetosha, sote tungeugua. Mtu aliyewahi kuugua mononukleosisi ana uwezekano wa MS takriban mara mbili ya asiyeugua, maana yake kuchelewa kuambukizwa kunaonekana kuwa na hatari kuliko kuambukizwa utotoni. Kuna jeni za kinga, hasa ile iitwayo HLA-DRB1*15:01, zinazoongeza uwezekano. Kuna sigara. Kuna unene uliopitiliza katika ujana. Kuna upungufu wa jua na vitamini D. Na tuone kirusi hikihiki kinavyobadilika mahali hadi mahali: Uganda na pwani yetu kimeungana na malaria kikawapa watoto uvimbe wa taya, kusini mwa China kinahusishwa na saratani ya nyuma ya pua, kaskazini mwa dunia kinahusishwa zaidi na MS. Aliyeugua hakufanya kosa. Mambo kadhaa, mengi asiyoyachagua, yalikutana katika mwili wake.

Kwa hiyo nataka kuzungumza kuhusu kikombe. Nilimtembelea dada mmoja nyumbani kwao, nikaona kikombe chake cha plastiki cha rangi ya kijani kimewekwa dirishani, mbali na vyombo vingine, na kijiko ndani yake. Mtu fulani alikuwa amewaambia ugonjwa unatokana na kirusi cha mate. Nilikaa na mama yake jikoni. Nikamwambia, mama, kirusi hicho unacho wewe, anacho baba, wanacho wadogo zake wote, na bila shaka mlikuwa nacho kabla ya MS kutajwa nyumba hii. Huenda ni wewe uliyempa, akiwa mchanga, ulipoonja uji kama umepoa. Hapo mama alilia, nikajua nimesema haraka mno, nikaendelea: kila mama humpa mwanawe, na kirusi hakidhuru watu wengi, wala hakuna mama duniani anayeweza kukizuia. Aliinuka mwenyewe akakitoa kile kikombe dirishani.

Kama kuna kikombe cha namna hiyo nyumbani kwako, kirudishe kabatini leo.

Kuna gharama nyingine ninayotaka kuwaepusha nayo. Usilipie kipimo cha damu cha Epstein-Barr ili kujua kama una MS. Kitasema unacho, kama kitakavyosema kwa jirani yako mzima wa afya. MS hutambuliwa kwa historia ya mashambulizi, uchunguzi wa daktari, picha ya MRI na wakati mwingine maji ya uti wa mgongo. Wala usinunue vidonge vya "kusafisha virusi" kwa anayevitangaza kwenye simu. Dawa za virusi tulizonazo sasa hazijathibitishwa kutibu MS, na hakuna iliyothibitishwa kukiondoa kirusi hiki mwilini kikishalala ndani ya seli.

Na wauguzi na madaktari wenzangu, niwaombe tuache kusema MS ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwenye ikweta ni nadra kuliko Ulaya kaskazini. Lakini kusini mwa California, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wanawake weusi wanaugua MS zaidi ya wanawake weupe. Tukishaamini haupo kwetu, hatuutafuti. Binti anayepoteza jicho moja anaandikiwa miwani. Anayepata ganzi ya miguu anaambiwa ni uti wa mgongo wenye kifua kikuu, au ni mawazo. Vilevile tuwe makini upande wa pili, kwa kuwa ugonjwa wa neuromayelitisi optika unafanana sana na MS, unawapata watu wetu, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Kuna kipimo cha kingamwili kinachosaidia kuutofautisha, na pale kinapopatikana kitumike kabla ya kuanza dawa.

Kuhusu dawa, elimu hii ya kirusi imetusaidia kuelewa kitu tulichokuwa tukikiona. Miongoni mwa dawa zenye nguvu kubwa dhidi ya mashambulizi ya MS ni zile zinazopunguza seli B, na seli B ndimo kirusi kinamoishi. Mojawapo, rituximabu, iko tangu zamani kwa matibabu ya saratani za limfu, na Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS pia, pamoja na kladribini na glatirama. Haiponyi. Inazuia makovu mapya, ndiyo maana kuianza mapema ni jambo kubwa. Kabla ya kuianza lazima homa ya ini B ipimwe, kwa sababu dawa inaweza kuiamsha. Orodha hiyo ya 2023 ni karatasi tunayoweza kuipeleka mbele ya bima na mbele ya wanaonunua dawa za hospitali zetu, tuulize: dawa hii ipo, mnaijua, inatumika kwa saratani; mgonjwa wa MS ataipata lini?

Chanjo ya kirusi hiki bado haijapatikana. Majaribio mapya kwa binadamu yalianza mwaka 2022, mojawapo kwa teknolojia ya mRNA iliyotumika kwenye chanjo za UVIKO. Itachukua miaka mingi kujua kama inazuia MS, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huchelewa. Jaribio moja la kutibu wagonjwa kwa seli za kinga zinazolenga kirusi halikufikia lengo mwaka 2023. Lilituumiza wengi, ila halifuti yaliyoonekana kwenye damu ya wale askari. Na chanjo itakapokaribia, watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania wawemo kwenye mipango tangu siku ya kwanza, maana kwao kirusi hiki huingia mapema, na kwao huleta saratani ya taya pia.

Nitakuwa hapa mbele hadi saa nane. Wenye majibu ya MRI waliyopewa bila maelezo waje nayo, tutayasoma pamoja. Walioanza kuona ukungu jicho moja hivi karibuni wasingoje foleni, waje kwanza.